Pembe Isiyofagiwa

Mwaka wa zile mvua za El Nino, nyumbani kwetu Msambweni hapakuwa na mkeka mkavu. Najua kwa sababu mwoshaji nilikuwa mimi. Niliitundika mikeka kwenye kamba iliyochakaa chini ya upenu, nayo ikaning'inia pale ikinuka uvundo, na kila nilipopita niliigusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Bado. Kesho yake bado. Nilikuwa na uchovu ule unaoingia mpaka vidoleni, unashika kikombe na kikombe kinakuwa kizito. Na aliyeniletea uchovu wote huo alikuwa amelala juu ya gunia karibu na mlango wa uani, mkia ameukunja juu ya pua, tumbo limejaa uji, hana habari.

Nilimtoa Diani. Nilikuwa nikisafisha vyumba katika nyumba ndogo ya wageni, na mwaka ule wageni walikatika kama maji ya bomba. Tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Siku niliyokwenda kuchukua nguo zangu nikamkuta kijibwa huyo nyuma ya tangi la maji, peke yake. Ndugu zake walikuwa wamekwisha chukuliwa na mama yake hakuna aliyejua alikokwenda. Rangi yake ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala.

"Huyo waachie kunguru," mlinzi aliniambia.

Nilimtia kikapuni, nikamfunika leso, nikaondoka.

Wakati ule nilikuwa mtu wa ndoto, na hata sasa sijapona. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini kichwani mwangu nilikuwa daktari wa wanyama tayari, nina koti jeupe na pikipiki, natoka Msambweni mpaka Lungalunga nikiwadunga ng'ombe sindano. Na kule Diani nilikuwa nimeona jambo lililonikaa moyoni: mbwa wa mgeni mmoja alikwenda mlangoni, akakwaruza kwa ukucha, akangoja afunguliwe aende haja nje. Mnyama anaomba ruhusa! Nikasema siku nikipata mbwa nitamfunza vivyo hivyo, na watu wakiona watasema huyu msichana ana kitu.

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Nilipofika alikuwa ukumbini akichambua mchele, naye hakuinua kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Kikapuni mna nini kinachopumua?"

Nikafunua leso. Bibi akamtazama mbwa, mbwa akamtazama bibi, kisha akapiga mwayo mkubwa kuliko kichwa chake. Nilitegemea makelele, hayakuja. Bibi aliweka uteo chini taratibu.

"Ni kiumbe cha Mungu, kumlisha ni thawabu," alisema. "Lakini hii ni nyumba ya kusaliwa. Akiwa mkavu na wewe mkavu, hapana neno. Akiwa na majimaji, unajua kazi yake."

Nilijua. Palipoguswa na majimaji ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa bibi hilo halikuwa jambo la kujadiliwa wala la kukasirikia, lilikuwa kama kujua kwamba chumvi huingia kwenye mchuzi. Lakini mwaka ule, katika nyumba ile inayovuja, nani alikuwa mkavu?

Kisha akatoa sharti. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama naye bado anakojoa ndani, mjomba wako atamchukua Mkongani. Sitaki kufunga nikiwa na shaka na kila ninapokanyaga."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na shamba la mahindi Mkongani, na mbwa wake walilinda mahindi dhidi ya nyani. Nimewahi kumwona nyani dume akifunua meno. Mbwa wa mjomba walijulikana kwa makovu yao, na sikumbuki hata mmoja aliyezeeka. Nikakitazama kile kijitu kikapuni, miguu yake kama vijiti vya kupiga mswaki.

"Na jina usimpe," bibi akaongeza.

"Kwa nini, bibi?"

"Ukimpa jina utalia. Mwite mgeni, basi."

Ningemlaza nje, mambo yangekuwa mepesi. Lakini nje kulikuwa na maji, na kwenye maji kulikuwa na kenge aliyekwisha maliza vifaranga vya jirani mmoja mmoja. Kwa hivyo mgeni akalala ukumbini.

Siku ya kwanza alikojoa kwenye mkeka wa kulia chakula. Siku iliyofuata kwenye mkeka ule ule, nilipokuwa nimeuosha na kuukunja pembeni. Aliufunua kwa pua, akaingia kati ya mikunjo, akakojoa humo humo. Alikojoa kwenye kanga yangu niliyokuwa nimeivaa. Alikojoa juu ya gunia la makaa, na hilo nilishukuru. Kila mara nilikwenda kisimani na ndoo, nikachota udongo, nikaosha, nikasuuza, nikaosha tena. Mvua ilininyeshea huku naosha, na maji ya kisima yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, sijui hata nilikuwa namsafisha nani.

Nilimtoa nje, usidhani sikumtoa. Asubuhi alipoamka, alipomaliza kula, alipoinuka usingizini, nilimbeba mpaka uani, nikajifunika mfuko wa nailoni kichwani, nikamweka chini nikasimama. Aliitazama mvua. Akanitazama mimi. Akainua mguu mmoja uliolowa akautikisa kama bibi harusi aliyekanyaga tope. Alijibana. Nasema alijibana kwa makusudi! Tukirudi ndani, mlango bado haujafungwa, yuko mkekani anachuchumaa, na uso wake una shukrani.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti inayofika barabarani, alitutazama kutoka dirishani kwake.

"We mwali! Unamtembeza bwana harusi?"

"Namfunza adabu, mama."

"Mfunze na kupika basi, uolewe naye! Mkamate, umsugue pua kwenye mkojo wake. Mbwa hasikii maneno."

Nilijaribu. Nilimshika shingo, nikamsogeza mpaka karibu na lile dimbwi, naye akadhani nambembeleza, akanilamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Sikuweza. Nikaenda kuosha mkono, na udongo.

Sasa nieleze habari ya uwanja, maana hapo ndipo mambo yalipokuwa yakiharibika na mimi sioni. Bibi alinifundisha kufagia kabla hajanifundisha kupika. Uwanja wetu ni wa mchanga, na kila alfajiri baada ya sala niliinama na fagio la chelewa, nikaufagia kuanzia kizingiti mpaka uani kote, na mistari ya fagio ikabaki imelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Jani halilali. Kinyesi cha kuku hakionekani. Watu waliokuja kumwona bibi walisimama kwanza kabla ya kukanyaga, wakasema mashaallah, naye akajifanya hakusikia. Hata katika mvua zile nilivizia zikipungua, nikafagia. Bibi miguu ilikuwa imekwisha mkataa, magoti yake yalivimba, na uwanja ule ndio uliobaki kumwambia kila apitaye kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Nyuma ya jiko letu la uani, chini ya upenu, palikuwa na pembe ambayo mvua haikuifikia sana. Tuliweka hapo makuti makuukuu yaliyoteremshwa paa lilipozibwa. Siku moja, nimesimama na nailoni yangu nikiwa nimekata tamaa, mgeni akakimbilia pale, akanusa, akazunguka, akakojoa. Nje! Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Nilimpa kichwa cha samaki. Kisha, kama nilivyolelewa, nikachukua koleo nikakwangua mchanga ule wote uliolowa, nikautupa kule mbali, nikamwaga jivu, nikapafagia mpaka mistari ikaonekana. Nilijiona mwalimu mzuri na mtoto safi kwa wakati mmoja.

Kesho yake nikamleta pale pale. Akanusa. Akazunguka. Akanusa tena jivu, akapiga chafya. Akanitazama kama mtu aliyefika kwa ndugu yake akakuta nyumba imebomolewa. Akarudi ndani akakojoa mkekani.

Na hivyo ndivyo tulivyoendelea. Mara moja moja alifanya nje, nami nikafuta kila alama kwa bidii, na mara nyingi alifanya ndani, ambako mkeka, uoshe utakavyo, ukilowa siku zote hauishi harufu. Rajabu ikaisha. Shaaban ikaingia. Ndoto za pikipiki ziliniacha kwanza, zikafuatiwa na hamu ya kula. Jioni nilikaa kizingitini, mikono imenyauka kwa maji, nikamwambia mgeni kwa sauti ya chini, "Basi jifunze, mwenzangu. Nyani hawatakuuliza una miezi mingapi." Alinitafuna kidole cha gumba.

Kisha nikaugua. Mbu walikuwa wengi kuliko hewa, na homa ikanipata vizuri, ikaniangusha kitandani sijui usiku sijui mchana. Bibi aliburuta magoti yake akaniletea uji na vidonge kutoka zahanati. Nilipoanza kupata akili nilisikiliza. Sikusikia kucha kwenye sakafu. Sikusikia ndoo.

"Bibi," nilisema, "mjomba amekwisha kuja?"

"Kufanya nini?"

"Kumchukua."

"Yuko chini ya kitanda chako, huko ananusa ndala zako. Lala."

Nikalala nikilia kidogo, kwa homa.

Nilipoinuka, miguu ikiwa bado ya pamba, jambo la kwanza nililoona ni uwanja. Majani, mavi ya kuku, matawi ya mkorosho yaliyovunjika, ndizi iliyooza. Hakuna aliyekuwa amegusa fagio tangu nilale. Niliona haya, maana kila mpita njia alikuwa ameona. Nilifagia nikipumzika, nikifagia nikipumzika, jasho jembamba linanitoka. Nyuma ya jiko nikakuta pamechafuka hasa. Nikakwangua, nikamwaga jivu, nikachora mistari. Siku ile sikuwa na nguvu za kupika.

Alasiri mgeni alikojoa kwenye mkeka wa ukumbini.

Bibi alisimama mlangoni mwa chumba chake ameshika ukuta. Safari hii alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya kimya, ile mbaya.

"Mke mwenzangu, wewe ulipolala ukumbi huu ulikuwa mkavu. Siku zote hizo. Mimi nilimfungulia mlango tu, akaenda akarudi. Umeamka leo, na mkojo umeamka. Unamfanya nini mnyama huyu?"

Nilichukua ndoo niende kisimani, na nilipopita nyuma ya jiko nikamkuta yuko pale. Alikuwa akipita juu ya mistari yangu, pua chini, anatafuta. Alikwenda mpaka kwenye makuti, akarudi, akachimbua jivu kwa mguu, akatafuta tena. Nikaweka ndoo chini. Nikakaa juu ya ndoo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwondolea choo chake. Kila alfajiri, kwa mikono yangu, kwa malezi mema. Nje nilimwachia mchanga msafi usio na habari yoyote, na ndani nikamwachia mkeka wenye harufu yake. Mbwa alikuwa akienda palipoandikwa jina lake, kama sote.

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Kisha nikaacha kucheka, maana nilijua sasa ninachotakiwa kumwomba bibi.

"Bibi, naomba pembe ya nyuma ya jiko isifagiwe."

Alidhani homa imerudi. Nikamweleza yote, na alinisikiliza akiwa anapitisha tasbihi yake, punje moja baada ya nyingine.

"Pale panaonekana na kila anayekwenda kisimani," alisema mwishoni.

"Ndiyo, bibi."

"Watasema nimezeeka. Watasema yule hawezi tena hata kusimamia fagio."

Nilikuwa namwomba heshima yake kwa ajili ya mnyama asiyeruhusiwa hata kuwa na jina. Nilitaka kuyameza maneno yangu. Bibi akakunja tasbihi.

"Mpaka mwezi uandame," akasema. "Na uchafu usipite lile kuti la mwisho."

Nililaza kuti refu chini kama mpaka. Upande huu mistari ya fagio, upande ule shaghalabaghala. Kinyesi kikubwa nilikiondoa, huo uchafu siwezi kuutetea, lakini mchanga wenyewe sikuugusa. Siku ya pili tu jirani akasimama pale na ndoo kichwani.

"Bi mkubwa! Pembe yenu ile imesahauliwa na fagio?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyuma. Aliinuka polepole akaingia ndani, nami nilimwona namna alivyovuta mtandio wake mbele, akijifunika kama mtu aliyepigwa na baridi. Usiku huo sikumtazama usoni.

Mgeni, yeye, alianza kwenda. Si mara zote. Kulikuwa na siku aliyosahau, akafika mlangoni akakuta umefungwa, akafanya hapo hapo kwenye kizingiti na kuniangalia kwa masikitiko. Nikaosha, na udongo. Lakini kizingiti si mkeka, nikakihesabu kuwa ni nusu ya safari. Nilimwacha kila siku dakika mbili tatu mbele ya mlango uliofungwa kabla sijaufungua, ili aelewe mlango ni kitu cha kuombwa. Alikuwa analia. Alikuwa anaketi. Kukwaruza hakukwaruza hata siku moja.

Mwishoni mwa Shaaban mjomba akaja. Alikuja na mkungu wa ndizi begani, na mkononi kamba mpya ya katani. Niliiona kamba kabla ya kumwona yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekonda! Yuko wapi askari wangu?"

Askari alikuwa anang'ata ncha ya kamba.

Mvua ikaanguka tena, ile ya kuziba masikio. Tukafunga milango yote miwili. Bibi akasema nitandike mkeka wake mwenyewe, mzuri, wenye ukili wa rangi, ambao nilikuwa nimeuficha juu ya dari kwa wiki nyingi. Nikamtandikia mjomba, nikaleta chai na mihogo. Mgeni alikuwa amekunywa bakuli zima la uji, nami nikajua tuna muda mfupi.

Mjomba alikuwa akieleza jinsi nyani walivyozoea mvua, sasa wanakuja mchana kweupe. Mgeni akaamka. Akanyoosha mgongo. Akaja mpaka kwenye mkeka wa bibi, akaunusa ukingo, akaanza kuzunguka.

Nikainuka nusu. Bibi akaweka mkono juu ya goti langu.

"Mwache."

"Bibi, atau..."

"Mwache, nimesema. Kama ni kujua, ajue mwenyewe."

Mjomba akasimamisha kikombe hewani. Mgeni akazunguka tena, makalio yakashuka kidogo. Kisha akasimama, kama aliyekumbuka kitu jikoni. Akaondoka mkekani, akaenda mlango wa uani, akakaa mbele yake. Akatugeukia. Akalia kidogo. Hakuna aliyetikisika. Ndipo akainua mguu wake wa mbele, ule wa kutikisia maji, akakwaruza ubao.

Aliyeinuka hakuwa mimi. Bibi alijishika kwenye ukuta, akainuka na magoti yake, akaenda hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akavuta komeo. Mgeni akatoka mbio kwenye mvua kama jiwe. Tulimwona akilipita kuti la mpaka, akachuchumaa pembeni pake, masikio yamelala, akakaa muda mrefu ajabu. Kisha akarudi, akajikung'utia kizingitini, akatulowesha sote.

"Haa!" mjomba alisema, akipangusa uso kwa kiwiko cha mkono. "Huyu ana adabu kuliko wanangu. Mama, huyu nyani watamcheka. Atawaomba ruhusa kwanza."

"Ndiyo maana haendi," bibi alisema. Akanigeukia. "Ndoo, mke mwenzangu. Ametulowesha."

Nikaenda kisimani huku nimechoka vile vile, na nimelowa vile vile, na nilikuwa naimba.

Asubuhi mjomba akaondoka na kibuyu cha asali tuliyomfungia, kamba akaiacha. Jirani alipita na ndoo yake, akasimama mahali pake.

"Bi mkubwa, pembe ile bado imesahauliwa?"

"Haikusahauliwa," bibi alijibu kutoka barazani, sauti yake ikafika barabarani. "Imeachwa."

Jirani akatazama lile kuti, akatazama mistari ya upande wetu, akaenda zake.

Mwezi ulipoandama, bibi alimhamishia mgeni kwenye jiko la uani, na mlangoni tukatia kibao kumzuia kenge. Kamba ya mjomba niliifunga chini ya upenu, ile kuukuu nikaitupa. Siku ya kwanza ya kufunga mvua ilipumzika. Nikafagia mpaka kwenye kuti, nikasimamisha fagio, nikaanika mikeka yote kwa mara moja. Adhuhuri niliigusa. Mikavu. Nikaushusha mmoja, nikautandika ukumbini, nikajinyoosha juu yake nipange tena habari za pikipiki, na sikufika hata kwenye rangi yake. Nililala.